Boksi la stelingi linavuja: ulifungue mwenyewe, umpelekee fundi, au ununue jingine?

Kwa miezi minne Land Cruiser yangu ililala juu ya katoni. Ni HZJ75 yenye injini ya 1HZ, gari la kazi, na mama watoto alikuwa amechoshwa na madoa mekundu mbele ya mlango. Basi kila jioni natandika kipande cha katoni chini ya gurudumu la mbele la kulia, na kila asubuhi nakiokota na kukisoma. Doa likiwa kama sarafu ya mia mbili, nashukuru Mungu. Likiwa kama sahani, nafungua boneti, naongeza mafuta, naondoka.

Ushauri haukukosekana. Jirani alisema nitie dawa ya sili, yaani ya ule mpira unaozuia mafuta kutoka. Fundi wa kona akasema boksi limekwisha, nitafute la mtumba. Kijana wa duka la spea akanisukumia pakiti ya repea kiti, yaani seti ya sili mpya za boksi, na kuniambia ni kazi ya asubuhi moja, hata mtoto wa sekondari anafunga. Baadaye niligundua kwamba hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alikuwa anazungumzia boksi lake alilowahi kuliona, na hakuna aliyekuwa ameliona langu.

Kabla hatujaenda mbali: haya yanahusu magari yenye boksi (kasha la chuma lenye mafuta linalopeleka nguvu ya usukani kwenye magurudumu), yaani Land Cruiser za 70, 80 na 105, Hilux za zamani, Patrol Y60 na Y61, Defender, Coaster, Canter na ndugu zao. Kama unaendesha IST, Noah, Prado kuanzia 90, au Land Cruiser 100 isiyo na ekseli nzima mbele, wewe una reki, yaani fimbo ya meno inayokwenda kulia na kushoto badala ya boksi, na reki ina hesabu zake.

Kwanza ujue ni boksi kweli

Sehemu hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote. Mafuta hutiririka kufuata chuma na upepo wa safari huyasambaza. Paipu ya presha ikitoa jasho kwenye maungio yake juu ya boksi, tone litashuka ubavuni, lizunguke kifuniko, na lidondokee kwenye nati ya pitmani, ule mkono wa chuma unaotokea boksini kusukuma magurudumu, kama vile limetoka pale. Utafungua boksi zima siku mbili na kulirudisha, kisha katoni ya kesho ikuletee salamu zilezile.

Osha kwa sabuni ya unga na brashi, boksi lote na paipu zake, mpaka chuma kionekane. Kausha. Kisha chukua poda ya mtoto na uinyunyize kila mahali, paipu, maungio, vifuniko, chini kabisa. Mwambie mtu awashe gari na ageuze usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, wewe ukiwa na tochi. Asiushikilie mwishoni zaidi ya sekunde chache. Ukifika mwisho, presha ndani ya mfumo hupanda hadi kati ya bar 70 na 100 kwa magari mengi, na pampu huanza kuchemsha mafuta. Poda nyeupe itabadilika rangi pale tatizo linapoanzia. Mimi nilichuchumaa dakika sita hivi, na wala halikuwa tone lililotokea. Ulikuwa ni mstari mwembamba wa waridi uliochora nusu duara chini ya boksi, pale shafti inapotokea. Hapo ubishi ukaisha.

Mstari huo ukitokea kwenye maungio ya paipu, badilisha washa za shaba (zile ringi bapa), au klipu ya paipu ya kurudishia, na kazi imekwisha. Ukitokea kwenye pampu, tatizo lako ni jingine. Na angalia rangi pia. ATF ya Dexron, mafuta ya gia otomatiki ambayo Toyota nyingi za zamani na Defender hutumia kwenye stelingi, ni nyekundu. Mafuta meusi yakitoka sehemu za juu yanaweza kuwa ya injini tu, yamekuja kutembea.

Kilichomo ndani, na kwa nini shafti ndiyo hakimu

Ukigeuza usukani, shafti ya juu inazungusha skrubu nene iliyo ndani ya boksi. Skrubu hiyo imevikwa nati kubwa, na kati yao zinapita gololi za chuma, zinazunguka na kurudi zilikoanzia kupitia kijibomba kidogo. Nati hiyohiyo ndiyo pistoni: mafuta ya presha huisukuma upande huu au ule kwa amri ya vali iliyopo kwenye shafti ya juu. Ubavuni nati ina meno yanayoumana na meno ya shafti ya chini, nayo shafti ya chini inatoka nje ya boksi na kushika pitmani inayosukuma magurudumu.

Kwa hiyo mafuta yana milango minne hivi ya kutorokea: sili ya shafti ya juu, sili ya shafti ya chini, oringi (ringi za mpira) za vifuniko, na ile skrubu ya kurekebishia juu ya kifuniko. Kuna mlango wa tano usioacha doa lolote. Pistoni na vali zina ringi za tefloni, na zikichoka mafuta yanapita ndani kwa ndani. Katoni itabaki safi, ila usukani utakuwa mzito, hasa unapopaki gari likiwa na moto. Tofauti hii iweke akilini, itatusaidia mbele.

Sili ya chini ndiyo inayoonewa kuliko zote. Iko karibu na tope, iko karibu na magurudumu, na kikofia cha mpira kinachoifunika kikichanika, mchanga na maji vinakaa juu ya shafti wiki nzima. Mpira wenyewe hukakamaa kwa joto na umri. Hadi hapo tatizo ni dogo, kwa sababu mpira unanunuliwa. Shafti ikila kutu pale ambapo mdomo wa sili unapitia, hapo ndipo penye maneno.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Mtaani kwetu kuna mzee aliyestaafu karakana, nilimfuata nikiwa na pakiti yangu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umenunua sili?"

"Nimenunua."

"Shafti umeiona?"

Nikanyamaza.

"Basi umemnunulia nguo mtu usiyemjua kimo."

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Pitmani ikishatoka na kikofia kikiondolewa, futa shafti kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha pitisha ukucha kwa urefu wa shafti, polepole. Ukiona mng'aro wa duara pale sili ilipokuwa inasugua lakini ukucha unapita bila kukwama, shafti ni nzima. Ukucha ukikwama, iwe kwenye mfereji au kwenye tundu la kutu dogo kama mbegu ya mchicha, sili mpya haitadumu. Itaziba wiki mbili tatu, halafu utarudi kwenye katoni.

Maana yake ni kwamba uchaguzi wote unaofuata hauwezi kufanyika ukiwa umekaa kwenye kochi. Lazima kwanza pitmani ishuke.

Dawa ya sili, au kuongeza tu

Dawa za chupa zinalainisha na kuvimbisha mpira uliokauka. Kama uvujaji wako unatokana na mpira mkavu na shafti ni safi, zinaweza kukupa miezi. Mpira uliochanika hazishoni, na shafti yenye kutu hazijazii. Mimi nilitia chupa moja, doa likapungua kwa mwezi mmoja, likarudi likiwa na hasira.

Ukilinganisha na kuongeza mafuta tu, sioni tofauti kubwa, isipokuwa kwamba anayeongeza tu hajidanganyi. Gari linalopoteza kidogo kwa wiki unaweza kuishi nalo ukiwa unajipanga, mradi unakagua kitenki mara kwa mara. Kilichofichika hapo ni pampu. Mafuta yakishuka, pampu inavuta hewa, inaanza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje, na ikiendelea hivyo inajila. Utakuwa umeahirisha gharama ya sili ukanunua pampu. Na mafuta yakiisha kabisa usukani hautakatika, kwa kuwa chuma bado kimeshikana na chuma, lakini utakuwa mzito ghafla, na ghafla hiyo ikikukuta kwenye kona za mlimani ukiwa na mzigo, mikono itakusimulia.

Kuna wanaotia mafuta ya breki kwenye stelingi. Nimesikia ikisifiwa gereji zaidi ya moja: "Inaziba siku hiyohiyo." Ni kweli inaziba. Mafuta ya breki huvimbisha mpira wa sili hizi haraka sana, kisha huufanya uwe laini kama ubani uliotafunwa, na si sili ya chini peke yake bali kila oringi na paipu ya mfumo mzima. Ukinunua gari na ukashuku hilo limefanyika, usihangaike kuchagua kati ya njia hizi. Hesabu gharama ya boksi zima na pampu.

Sili moja ya chini, au boksi zima mezani

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, kwa kuwa repea kiti huja na vyote: sili mbili, oringi za kila ukubwa, ringi za tefloni, na vitu vingine usivyojua vinakaa wapi. Ukishakuwa navyo mkononi unaona ni dhambi kutovitumia.

Jibu langu ni kwamba kama poda imeonyesha sili ya chini tu, usukani ni mwepesi, na ukucha umepita, badilisha sili ya chini peke yake boksi likiwa kwenye gari. Ni kazi ya nusu siku kwa mtu asiye na haraka. Kama kuna uvujaji sehemu mbili, au usukani umekuwa mzito, au boksi lina zaidi ya miaka ishirini na halijawahi kufunguliwa, lishushe lote. Hizo ni siku mbili, na uwe na meza yenye mwanga.

Ugumu wa kazi ndogo uko mahali pamoja, kuitoa pitmani. Imekaza kwa meno na kwa mteremko, nati yake imefungwa kwa nguvu, na miaka ya tope imefanya vyuma viwili kuwa kimoja. Unahitaji pula, kifaa cha kuvutia, ya pitmani yenyewe. Kodi au azima. Usipige shafti kwa nyundo kutokea chini, kwa sababu kila pigo linapokelewa na beringi na meno ya ndani. Niliweka pula jioni, nikaikaza mpaka ikalia, nikaiacha, nikaenda kula. Wakati wa chai ya saa nne usiku tulisikia mlio kama wa risasi kutoka uani. Mtoto alikimbilia chumbani. Mimi nilikimbilia uani nikicheka. Pitmani ilikuwa imejitoa.

Kabla ya kuitoa, weka alama ya patasi au rangi kwenye shafti na kwenye pitmani. Ukirudisha jino moja pembeni, usukani utakaa upande na gari halitageuka sawa kulia na kushoto.

Kisha inatoka seklipu (ringi ya chuma inayoishikilia sili), inafuata sili, na kwenye maboksi mengi kuna washa au ringi nyingine nyuma yake. Piga picha kila kinachotoka kwa mpangilio wake. Sili kuukuu inaweza kugoma. Vitabu vya ufundi vya maboksi ya Saginaw ya magari ya Marekani vina mbinu ya kuwasha injini na kugeuza usukani kidogo ili presha yenyewe iisukume sili nje. Inachekesha ukiiona na inachafua, kwa hiyo beseni liwe chini na uso wako uwe mbali. Mimi niliivuta kwa skrubu mbili ndogo za mbao nilizozitoboza kwenye chuma cha sili, kwa uangalifu ili ncha isiguse shafti. Mkwaruzo mmoja hapo na kazi yote inakuwa bure.

Kabla ya kuvalisha sili mpya, funika meno ya shafti. Zamani tulitumia kipande cha rambo, mfuko wa plastiki. Tangu ipigwe marufuku mwaka 2019 natumia selotepu, raundi mbili, na ATF juu yake. Meno yale ni makali kama msumeno mpya na mdomo wa sili ni laini. Sili nyingi mpya zinazovuja siku ya kwanza zilikatwa hapo, na aliyezikata hakujua.

Boksi zima ni habari nyingine, na sehemu kubwa ya habari hiyo ni usafi. Chembe moja ya mchanga ndani ya vali inatosha kufanya usukani uvute upande. Kifuniko cha juu hakipanguliwi kwa bisibisi: unatoa boliti, unalegeza nati ya skrubu ya kurekebishia, kisha unaikaza skrubu kwa ndani nayo inakinyanyua kifuniko yenyewe. Shafti ya chini itatoka ikiwa tu meno yako katikati. Halafu inakuja skrubu na nati yake yenye gololi, na hapa nina sheria moja: usiitenganishe. Usiiache hata ikimbie mpaka mwisho wa skrubu kwa uzito wake. Gololi zikimwagika, utazihesabu sakafuni ukiwa na tochi mdomoni, na hata ukizipata zote bado kuzirudisha kwa mpangilio si kazi ya mara ya kwanza. Badilisha sili na ringi zinazofikika bila kuligusa fundo hilo.

Ringi za tefloni ndizo zitakazokutoa jasho. Hazivutiki kama mpira. Ziweke kwenye maji ya moto dakika chache, zipanue taratibu, zivalishe, kisha uzibane zirudi kwenye umbo kabla hujaingiza pistoni. Ukilazimisha, zinakatwa na ukingo wa silinda, na utakuwa umeanzisha ule mlango wa tano usioacha doa.

Skrubu ya kurekebishia nayo ina kishawishi chake. Usukani ukiwa na mchezo, kila mtu anataka kuikaza. Irekebishwe boksi likiwa katikati tu: hesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho, rudi nusu yake. Meno yametengenezwa yabane zaidi katikati, hivyo ukirekebisha pembeni, ukirudi katikati vinasagana. Na ukikaza kupita kiasi gari litaacha kujirudisha lenyewe baada ya kona. Kaza kidogo, jaribu, basi.

Uani kwako, au gereji

Mafundi wengi wa mtaani ni wajuzi kuliko mimi, na kwenye kuhisi mkono hakuna kitabu kinachowashinda. Fundi aliyefungua maboksi mia moja anaijua ile skrubu kwa vidole vyake. Ana pula, ana presi, au anajua ya nani ya kuazima.

Asichokuwa nacho ni muda na meza. Boksi lako litafunguliwa juu ya gunia, upepo ukipita, vyuma vikioshwa kwenye dumu la dizeli lililokwisha osha breki za magari matatu. Lililonikuta mimi lilikuwa hilo. Gereji moja, nitaiacha bila jina, walinibadilishia sili asubuhi nikiwa kazini, jioni nikachukua gari kavu kabisa. Wiki ya tatu doa likarudi. Nilipofungua mwenyewe nilikuta alama za patasi kwenye ukingo wa tundu na sili imekaa upande, na shafti ina matundu ya kutu ambayo hakuna aliyeniambia. Sikatai kwamba walifanya walichoombwa. Niliomba sili, nikapewa sili.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, omba kitu kingine: pitmani ishushwe, shafti ioneshwe, ndipo tuelewane bei. Kaa hapo. Omba sili kuukuu mkononi. Peleka ATF yako mwenyewe na karatasi safi au kitambaa kisichotoa nyuzi. Fundi mzuri hatachukia, atakuona mtu anayejua anachotaka.

Nyumbani fanya kama una vitu hivi: stendi mbili imara (jeki peke yake si stendi, na tofali si stendi), pula, plaizi ya seklipu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) hata ya kukodi, na gari la pili au uvumilivu wa kupanda daladala kwa siku kadhaa. Ukikosa toki renchi usifunge nati ya pitmani kwa kukisia. Hicho si kipuri cha kiyoyozi. Na kama gari lako lina mfuko wa hewa usukanini, fungia usukani kwa mkanda wa kiti kabla ya kuachanisha shafti ya juu, maana nyuma ya usukani kuna utepe wa waya uliokunjwa na ukizunguka bila kizuizi unakatika.

Ukucha ukikwama: mtumba au jipya

Shafti ikiwa imeliwa, repea kiti peke yake haina kazi. Kama kutu iko nje tu ya njia ya mdomo wa sili, unaweza kuisugua kwa msasa maji mwembamba, kwa kuzunguka na si kwa urefu, ili isikate sili wakati wa kuingia. Kama iko kwenye njia yenyewe, wapo wanaoikalisha sili milimita moja au mbili nje zaidi ili mdomo ukutane na chuma kipya. Pakiwa na nafasi kabla ya mfereji wa seklipu, inawezekana. Kwangu haikuwepo.

Boksi jipya halisi ni zuri, na bei yake kwa gari la umri huu inaweza kukufanya ukae chini. Jipya la kopi linavutia kwa rangi. Hapo mimi naogopa zaidi kuliko kwa mtumba, kwani la mtumba angalau lilitengenezwa na waliolitengeneza gari.

Mtumba wa Japani ndio njia ya wengi, Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, na kuna namna ya kuuchagua. Shika shafti ya juu kwa mkono na uizungushe kutoka mwisho hadi mwisho. Iende laini, ikaze kidogo katikati, isikwame wala kusaga. Mizunguko iwe sawa na ya boksi lako. Hesabu meno ya shafti zote mbili, pima matundu ya boliti, linganisha maungio ya paipu. Kisha, na muuzaji akikukatalia ondoka, vuta kikofia cha chini na upitishe ukucha. Magari yaliyotoka mikoa ya theluji yamepita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na shafti zake unaweza kuzikuta zimeliwa kuliko ya kwako ya Iringa.

Na upande. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto kama Japani, kwa hiyo boksi linakuja la upande wetu. Kwa ndugu wa Rwanda, Burundi na Kongo, kama gari lako lina usukani wa kushoto, boksi la Japani halikufai. Tafuta linalotoka Sharjah na kwingineko Ghuba, ambako usukani uko kushoto. Kwa sababu hiyohiyo sisi huku tusirubuniwe na bei nzuri ya mzigo wa Dubai kabla ya kuuliza.

Nilichofanya mwishoni ni kuchanganya njia mbili ambazo washauri wangu walizitenganisha. Nilinunua mtumba wenye shafti safi, nikauweka mezani, na ile repea kiti niliyoinunua kwa pupa nikaifunga kwenye boksi hilo badala ya langu. Mtumba usifungwe kwenye gari kama ulivyo: mpira wake una umri uleule wa mpira wako, umekaa mkavu kwenye kontena, na utavuja mwezi wa pili. Faida niliyokuwa sikuitarajia ni ya muda. Gari langu liliendelea kwenda kazini na katoni yake, mimi nikifunga boksi la pili kwa wiki mbili, jioni jioni, bila mtu kunikimbiza. Kubadilishana kwenyewe kulichukua Jumamosi moja. Ningekuwa na shafti nzima tangu mwanzo, nisingenunua boksi, ningebadilisha sili moja na kulala.

Kulirudisha

Kabla ya kufunga, futa chesisi pale boliti za boksi zinapoingia na uangalie kwa tochi. Magari ya kazi hupata ufa pale, mwembamba kama unywele, na fundi wa kuchomelea aitwe kwanza. Badilisha washa za shaba za maungio, usirudie kuukuu. Toa mafuta yote ya zamani kwenye kitenki na paipu, maana ukiacha uchafu wa miaka ishirini uingie kwenye sili mpya umeanza upya.

Nyanyua mbele pande zote mbili juu ya stendi, injini ikiwa imezimwa, jaza ATF, na ugeuze usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara ishirini hivi, mtu mwingine akiendelea kujaza kitenki. Ndipo uwashe, urudie mara chache, tena bila kushikilia mwishoni. Mafuta yakiwa na povu au rangi ya maziwa ya waridi, zima, kanywe chai, yatulie, rudia. Yakibaki mekundu na angavu, na pampu hailii, shusha gari, zunguka mtaa, kisha urudi uvungu kukagua nati ya pitmani, pini yake na boliti za chesisi. Zikague tena baada ya wiki moja ya kazi.